Wingu Lililofumwa Darasani

Darasa ninalofundisha liko Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, upande unaotazama ziwa. Miezi ya mvua, ukungu hupanda kutoka majini asubuhi, ukaingia kwa dirisha lisilo na kioo, ukakaa nasi kidogo kabla jua halijaja kuuchukua. Watoto wa chekechea hawaushangai. Utamwona mmoja ananyoosha mkono, anaufumba na kuufumbua kama mtu anayepima kitambaa sokoni, kisha anarudi kuhesabu vijiti vyake. Mimi ndiye ninayesahau nilichotaka kusema. Nilikuja hapa nikiwa mtu mzima, kutoka Kivu Kusini, ambako ukungu ulishuka kutoka milimani badala ya kupanda kutoka majini. Hadi leo nikiuona ukiingia, kuna kitambo kifupi ambacho sijui niko upande gani wa safari yangu.

Likizo moja ilipokaribia kwisha, mwalimu mkuu alisimama mlangoni akatazama kuta. Ni mwenyeji wa hapa, mzaliwa wa Rugaaga, mtu mpole, na Kiswahili chake alikiokota kwa polisi na kwa wafanyabiashara wa barabarani.

"Mwalimu," alisema, "hii darasa iko kama stoo. Watoto wadogo nataka kuona rangi. Wewe tafuta namna."

"Rangi ipo ofisini?"

"Rangi hapana. Iko chokaa, lakini naona kama imekauka."

Ilikuwa imekauka kweli. Niliivunja kwa nyundo nikailoweka, nikapata ndoo ya maji meupe yenye madonge. Huo ndio ulikuwa mwanzo. Niliwaambia wazazi walete chochote walichokuwa karibu kukitupa, nikasahau kwamba hapa hakuna anayekaribia kutupa. Kila kilicholetwa kilikuwa bado kinatumika nyumbani kwa mtu: kipande cha chandarua, upande mmoja wa pazia, vizibo vya soda ambavyo watoto walikuwa wakichezea, nyuzi za mgomba, kitambaa cheusi cha mwavuli uliovunjika mbavu. Baba mmoja alileta maganda ya mayai ndani ya kofia yake. Alitembea nayo polepole, utadhani yale mayai yalikuwa bado na vifaranga ndani.

Tulifua magunia ya chakula mpaka maandishi yake yakafifia, tukayatandaza juu ya fito, nikaandika herufi kwa mkaa uliotwangwa na kukorogwa na uji mzito wa unga wa muhogo. Nyekundu tuliipata kwenye vumbi la matofali, njano kwenye udongo wa kando ya ziwa. Kijani kilikataa. Nilitwanga majani ya maboga nikapaka, ukuta ukapendeza asubuhi, jioni ukawa rangi ya chai.

Mambo ya darasa yalikuwa yamefika hapo wakati mimba ya mdogo wangu ilipoanza kuonekana.

Mdogo wangu anakaa jirani yangu, nyumba yake na yangu zinagawana uzio wa mabua. Mume wake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ndizi huko Rugaaga, akirudi Jumapili kwa ibada na kwa chakula cha mchana. Walikuwa wamewahi kungoja mtoto kabla ya huyu. Mara ile tulifurahi mapema. Akina mama wa kanisa walileta beseni na sabuni, mimi nikafuma soksi, mtu akatoa shali. Mtoto alizaliwa, akakaa nasi muda mfupi, akaondoka. Vile vitu vilibaki vimekunjwa kwenye begi chini ya kitanda mpaka mdogo wangu alipompa mwanamke mwingine begi zima bila kulifungua.

Kwa hiyo mara hii, nilipoanza kumwangalia tumbo kwa yale macho ya kupima nguo, alinitangulia. Tulikuwa tunachambua maharage nje ya mlango wake.

"Yaya," alisema. Yaya kwetu ni dada mkubwa. "Nakuomba kitu moya tu. Usileta manguo ya mutoto mu nyumba yangu mbele ye afike. Hata soksi."

"Na kama atafika na baridi?"

"Nitamufunika na kitenge yangu. Mi mwenyewe niko moto."

"Sawa," nilimwambia.

"Mu nyumba yangu, yaya. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia vizuri. Nilisikia pia kwamba alisema nyumba yake, hakutaja mahali pengine.

Kufuma nilifundishwa na mama yetu, naye alifundishwa na masista wa parokia. Yeye aliita kutrikota, na sisi watoto tulidhani ni neno la Kiswahili, kumbe la Kifaransa. Sindano zangu ni spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Uzi nilioutumia ulitoka kwenye sweta ya mitumba niliyoichagua sokoni Rwekubo kwa sababu ya rangi yake, nyeupe iliyoingiwa na kijivu, kama maziwa yaliyodondokewa na majivu. Niliifumua darasani. Watoto wawili walikaa wakitazamana wamenyoosha mikono, nikawazungushia uzi, sweta ikawa inapungua mkono mmoja, halafu mwingine, halafu kifua. Walikuwa kimya kabisa. Baadaye niliosha uzi, nikautundika dirishani na jiwe chini yake ili ule mkunjo utoke, na uliponyooka nikaanza shali ya mtoto.

Nilifuma saa za mapumziko, na wakati wao wa kulala kidogo baada ya uji. Kazi ilipokua ikanifunika magoti, binti mmoja mwenye sauti nzito kuliko umri wake alikuja akaishika pembeni.

"Mwalimu, hii ni wingu?"

Nilitazama kuta zetu, jua la maganda ya mayai, miti ya nyuzi za mgomba. Juu, karibu na bati, hapakuwa na kitu.

"Unaona kama wingu?"

"Ni wingu," alisema, akaenda kuwaambia wenzake.

Tangu siku hiyo lilikuwa wingu, na lilikuwa la darasa. Walinawa mikono kabla ya kuligusa. Jioni nilikuwa nikiliweka ndani ya kikapu na kukining'iniza kwenye boriti. Asubuhi kitu cha kwanza walichofanya ni kuinua vichwa kuangalia kama bado lipo. Sikuwaambia lingekwenda wapi. Nilijiambia kwamba zamu ya mtoto ikifika nitapata maneno.

Mtoto hakungoja zamu yake. Tulikuwa katikati ya wimbo wa siku za wiki gari la kituo cha afya liliposimama barabarani, na dereva akapiga honi. Mdogo wangu alikuwa ndani, amelala ubavu, ameshika chuma cha dirisha. Uchungu ulikuwa umemwanza akiwa kisimani, mapema mno, na wauguzi wa hapa walikuwa wameamua apelekwe hospitali ya Mbarara. Alikuwa amewaomba wanipitie. Nilimwachia mwalimu wa darasa la pili watoto, nikachukua sandali zangu na kikapu changu, kwa sababu mwanamke akienda safari huchukua kikapu. Tulikuwa tumeshapita Rwekubo nilipokumbuka kilichomo.

Njia ya Mbarara ninaikumbuka kama kitu nilichokiona nikiwa nimesinzia, ingawa macho yangu yalikuwa wazi. Milima yenye migomba mpaka kileleni. Ng'ombe wenye pembe ndefu wakivuka barabara bila haraka, na dereva akiwangoja, na mdogo wangu akihesabu pumzi zake kwa Kifaransa alichofundishwa shule ya msingi. Aliponishika mkono, niliona ana ukoko wa udongo wa kisimani kwenye kucha. Niliutoa, kucha baada ya kucha. Sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Walimpokea hospitalini wakaniacha kwenye benchi. Jua lilikuwa bado juu waliponiita. Mtoto alikuwa msichana, mdogo, mwekundu, mwenye kelele ndogo kama ya mlango unaohitaji mafuta. Alikuwa hai. Muuguzi alikuwa amemfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akageuka kwangu.

"Nguo za mtoto ziko wapi? Kofia? Huyu nataka joto. Kichwa ndiyo inamaliza joto."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameangalia ukuta.

Nilitoa wingu kikapuni. Lilikuwa halijaisha, spoki moja bado ilikuwa imeshika safu ya mwisho. Muuguzi hakujali. Alichomoa spoki, akanipa, akalikunja lile wingu mara mbili juu ya mgongo wa mtoto. Nilishika uzi uliobaki kwa vidole ili usifumuke, nikawa nimefungwa pale kando ya kitanda kama mbuzi.

Mdogo wangu alishusha macho. Aligusa ile shali kwa kidole kimoja.

"Hii ulifuma siku gani?"

"Siku nyingi."

"Fasi gani?"

"Shuleni. Haijaingia nyumbani kwako hata mara moja."

Niliona akiipitisha habari hiyo akilini, akiitafuta kasoro.

"Haikuingia," alisema mwishowe.

"Haikuingia."

"Basi," alisema, na alifumba macho, na machozi yakapita pembeni yakaingia masikioni mwake. Mtoto alikuwa ameacha kelele.

Kitanda cha jirani kilikuwa na msichana aliyefanyiwa upasuaji, na mama yake alikuwa akimhudumia. Mama yule alikuwa mnene, mrefu, mke wa mwanajeshi, anakaa kwenye kambi yao pale Mbarara. Alikuwa ameona yote, nami nimesimama pale na uzi vidoleni.

"Nyabo," aliniambia, yaani bibie, "wewe naweza kukaa. Mimi nashika hiyo kamba."

Aliushika uzi. Halafu aliitazama ile spoki.

"Hii ni chuma ya baiskeli?"

"Ndiyo."

"Bambi," alisema, neno lao la huruma. "Iko mtu mahali anasukuma baiskeli kwa mguu."

Mdogo wangu alicheka akiwa amefumba macho, akashika tumbo kwa maumivu. Ndivyo tulivyofahamiana.

Mjukuu wake pia alikuwa amezaliwa mdogo, ingawa alikuwa na siku kadhaa tayari. "Hapana ogopa," alimwambia mdogo wangu. "Huyu yetu alikuja kidogo hivi. Sasa nakamata titi kama askari nakamata bunduki." Kofia ya mjukuu ilikuwa soksi ya mtu mzima iliyokatwa na kufungwa kwa uzi juu. Ilikuwa ikimwanguka machoni kila saa.

Kesho yake tulikaa kwenye majani nyuma ya wodi, pale wanapoanika nguo, tukiwa na shali katikati yetu. Nilikuwa nimeomba kitenge cha kumfunika mtoto kwa muda. Mtoto alihitaji kofia kuliko alivyohitaji shali ndefu, na uzi sikuwa nao mwingine. Nilianza kufumua ule upande ambao haukuisha. Mama yule alikuwa na cherehani huko kambini, hushona sare za shule na mapazia, lakini kufuma hakujui. Alitazama uzi ukirudi nyuma safu kwa safu.

"Wewe naharibu kazi yako."

"Sisi huku tuko wawili," nilimwambia, nikimwonyesha madirisha ya wodi. "Vichwa viwili."

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alivua shuka aliyojitanda mabegani, akaitandika chini yangu ili nisikae kwenye unyevu.

Nilifuma kofia ya mtoto wetu, halafu ya mjukuu wake. Shali ilibaki nusu, ya kutosha mgongo wa mtoto na hakuna zaidi. Siku zile zilipita kwa namna ambayo siwezi kuzipanga. Mawingu yalipita juu ya Mbarara, nguo zilipepea kwenye kamba, wanawake wengine waliokuja kuuguza waliwasha moto kwenye mafiga nyuma ya ukuta, na moshi ukaja ukatuzunguka ukaenda zake. Nilisonga bugali, ugali wetu, nikapika sombe ya majani ya muhogo niliyopata sokoni, nikitwanga kwenye kinu cha kuazima. Mama yule alikunja ndizi katika majani ya mgomba na kuzifunika mpaka ziive kwa mvuke, akaziponda ndani ya majani yake hayo hayo kwa viganja. Dada yake, aliyekuwa akiishi Kamukuzi, alileta dumu la bushera, uji wa mtama uliochachuka kidogo.

"Mama ya mtoto nakunywa hii," dada huyo alimwambia mdogo wangu, "maziwa nakuja mpaka unaomba isimame."

Mdogo wangu alikunja uso kwa lile chachu, akanywa, akaomba tena. Maziwa yalikuja.

Siku moja tulikuwa tunaosha sufuria, mimi na mke wa mwanajeshi. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Wewe natoka Kongo gani?"

"Kivu Kusini."

"Bwana yangu iko kwenu sasa. Kongo. Mimi hapana jua upande gani. Kwa simu anasema iko milima mingi, na asubuhi hapana ona mkono yako kwa ukungu."

Niliendelea kusugua sufuria. Nilijaribu kumwona mwanamume nisiyemjua, amesimama kwenye kilima ambacho labda nakijua, ananyoosha mkono mbele yake.

"Ukungu unashuka kutoka juu," nilisema. "Saa nne hivi unafunguka. Mwambie angoje, ataona vizuri."

"Nitamwambia."

"Na asubuhi kuna baridi. Avae vizuri."

"Nitamwambia," alirudia, akanipokea sufuria akaimiminia maji.

Yeye na watu wake waliruhusiwa kabla yetu. Sisi tulibaki mpaka mtoto alipoanza kunenepa kwenye vifundo vya mikono, ndipo daktari akasema twende. Shemeji yangu alikuja kutoka Rugaaga na ndizi mbivu. Hakujua amshike mtoto wapi, akamshika kote.

Niliporudi darasani, kitu cha kwanza watoto walichofanya ni kuinua vichwa. Boriti ilikuwa tupu. Yule binti wa sauti nzito alinitazama, na wengine wote wakanitazama kupitia yeye.

"Mwalimu, wingu iko wapi?"

Nilikuwa nimepanga maelezo njiani, marefu, ya hospitali na baridi na watoto wadogo. Lakini pale mbele yao yalinitoka yote.

"Limenyesha," nilisema.

Walifikiri. Mmoja aliuliza, "Ilinyesha fasi gani?"

"Mbarara."

"Na kitu iliota?"

"Ndiyo. Mtoto."

Hawakuona ajabu. Binti yule alitikisa kichwa kukubali, akaenda kukaa, na tukaanza siku.

Ila sasa ukuta mmoja ulikuwa bado mtupu, na mwalimu mkuu alishapita mara kadhaa akikohoa. Ndipo siku moja dereva wa gari dogo linalofanya safari za Mbarara akaniletea salamu: mke wa mwanajeshi angekuja Jumamosi, tusipike mapema. Alikuja na gunia la vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye cherehani yake, vitenge, vitambaa vya pazia, bluu ya sare za shule kwa wingi. Vipande vyote vilikuwa vimekatwa kingo kwa uangalifu.

"Ya jeshi sikuleta," alisema. "Raia akishikwa na ile nguo ni kesi. Lakini bluu iko mingi."

Kwa sababu bluu ilikuwa nyingi, watoto walisema tufanye ziwa. Kazi ilianza asubuhi ile ile, wengi wakiwa wamefika bila kuitwa. Nilikoroga uji wa muhogo kwenye karai, tukapaka ukutani, tukabandika bluu kuanzia chini. Ndipo ugomvi ukaanza, kwa sababu lilikuwa ziwa la nani? Watoto wengi wamezaliwa hapa na wanajua ziwa moja tu, lile la nje ya dirisha, lenye viboko wanaotoka jioni kula mahindi ya watu. Wengine wamelishwa hadithi za Tanganyika na bibi zao tangu utotoni, hawajaiona lakini wanaijua ilivyo pana na dagaa wake, ndagala kwa usemi wa nyumbani, wanaong'aa wakianikwa mchangani.

"Ziwa haiwezi kuwa na kiboko na ndagala," alisema mvulana mmoja kwa uchungu.

"Kwa nini haiwezi?" aliuliza mgeni wetu, ambaye alikuwa amepanda juu ya meza na viatu mkononi.

"Kiboko atakula ndagala."

"Kiboko nakula majani. Mimi nimeona."

Hiyo ilimaliza kesi. Viboko walikatwa kutoka kwenye kitambaa cha mwavuli, wanene, wengine na miguu mitano. Ndagala walikatwa kutoka kwenye karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za chai, wadogo kama kucha, mamia yao. Milima ya kwetu ilipanda upande mmoja na migomba ya hapa Isingiro ilipanda upande mwingine, na ziwa likawa katikati.

Mdogo wangu alikuja adhuhuri na mtoto mgongoni. Alisimama kwa muda mlangoni. Kisha aliingia, akachovya kidole kwenye uji wa muhogo, akaanza kubandika ndagala mmoja mmoja, chini kabisa, karibu nami. Alifanya kazi bila kunitazama.

"Ule wa kwanza," alisema, "alikuwa na masikio ya papa wetu."

Papa kwetu ni baba. Alikuwa hajawahi kumtaja mtoto yule tangu siku tulipotoka makaburini.

"Yalikuwa yamekunjika kidogo juu. Uliona?"

"Niliona."

"Niliwaza nilikuwa peke yangu niliona."

"Hapana. Niliona mimi pia, na mama wa kanisa aliona, alisema."

"Alisema nini?"

"Alisema huyu atasikia mpaka mambo ya jirani."

Mdogo wangu alitabasamu kwa ukuta. Alibandika mwingine, na mwingine, na alipomaliza wale waliokuwa mkononi alinyoosha kiganja nikammiminia wengine. Mtoto alikuwa amelala, shavu kwenye mgongo wa mama yake, amefungua kinywa.

Mchana tulikula nyumbani kwangu, kwenye mkeka, mlango ukiwa wazi. Nilikuwa nimepika sombe tena, safari hii na mawese na dagaa wakavu, na bugali ya muhogo, ambayo mgeni aliivuta kwa vidole ikawa ndefu akaitazama kwa mashaka.

"Hii nakwenda mpaka wapi?"

"Meza bila kutafuna," mdogo wangu alimwambia. "Ukitafuna, unakuwa mugeni."

Alimeza. Alikaa akiifuatilia inavyoshuka. "Kale," alisema, yaani haya, na akavuta nyingine. Alikula vizuri, na baada ya kula alijilaza pale pale, kichwa kwenye mkono wake, na usingizi ukamchukua katikati ya sentensi aliyokuwa akitueleza kuhusu mjukuu wake na jino. Kuku aliingia, akamzunguka, akatoka. Hatukumwamsha. Tulikaa kwenye kizingiti tukisikia pumzi zake, na upepo ukileta harufu ya maji na ya moshi wa mahindi ya kuchoma.

Alipoamka tulimsindikiza mpaka Rwekubo. Alikuwa amebeba majani ya muhogo yaliyotwangwa, yamefungwa kwenye jani la mgomba, na alikuwa akiuliza tena mawese yanatiwa lini, kabla ya kuchemka au baada. Tulipata gari lililokuwa karibu kujaa. Dereva alimpa kiti cha mbele kwa sababu ya umbo lake, naye alikubali kama haki yake. Alimwita mdogo wangu dirishani akamshika mtoto mguu, akaupima kwa kidole gumba.

"Huyu sasa ni mtu," alisema.

Gari liliondoka. Tulirudi kwa njia ya mashambani, kati ya mahindi yaliyokuwa yameanza kutoa ndevu. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, tukabadilishana kumbeba. Kila alipohamia mgongo mwingine alifungua macho, akatazama alipo, akayafumba tena.